Shingo Haikuumbwa kwa Ajili ya Debe

Mnyambe, Newala
7 Machi 1971

Kwa jina la Mungu, aliyetufinyanga kwa udongo mmoja akatutawanya juu ya nchi nyingi.

Mpwa wangu mpendwa Vitalis,

Pokea salamu za mjomba wako Nikolao, aliyekushika siku ya ubatizo wako kwa kuwa baba yako alikuwa mbali katika mashamba ya mkonge. Sisi huku hatujambo. Mama yako Paskalia hajambo, anakusalimu sana. Mdogo wako Justin amemaliza kupalilia mikorosho ya juu, na binti yake Bertila ameanza kutembea, ingawa bado anaangukia upande mmoja kama mlevi. Wageni wetu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Bibiana na mwanawe, tungali nao. Mabomu ya Mreno tunayasikia siku nyingine, siku nyingine hatuyasikii. Mungu ashukuriwe kwa zote mbili.

Baada ya salamu, lipo neno.

Mwezi uliopita mlifika hapa, wewe na yule Daktari mgeni, mkawapanga watu katika uwanja wa shule. Mlipima vichwa, pua, vifua na miundi. Wanawake mliwapandisha na kuwashusha juu ya sanduku, kisha mkasikiliza mioyo yao. Kabla jua halijafika utosini mlikuwa mmekwisha kupanda gari. Mama yako alikuwa amechinja kuku. Aliliwa na wengine, maana kuku hana kosa.

Unakumbuka kwamba mimi nilikataa. Daktari aliniuliza kwa kinywa chako, "Mzee, unaogopa nini?" Nikajibu, "Naogopa kupimwa na fundi asiyeniambia anashona nini." Watu walicheka, nawe ulimtafsiria nusu tu; masikio yangu bado mazima. Alipoona siji, akachukua penseli akanichora uso kwa mbali, na chale zangu zote akaziweka katika karatasi yake. Nilitaka kumwambia kwamba chale hizi hazikutoka katika hewa ya Mnyambe. Mtu alizichanja kwa kisu, nami nililia.

Basi nakuuliza wewe, mwana wa dada yangu. Mnashona nini?

Mungu akulinde katika kutoka kwako na kurudi kwako.

Mimi mjomba wako,
Nikolao, Katekista mstaafu


Lisekese, Masasi
2 Aprili 1971

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, kwa kuwa gari la posta lilikwama njiani kwa mvua. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mke wangu Yuliana hajambo, naye anakuamkia. Tumepata chumba kikubwa zaidi hapa Lisekese. Naomba radhi kwa Mama kuhusu kuku. Gari halikuwa langu.

Swali lako ni halali, nami nitalijibu kadiri ninavyofahamu. Daktari anachunguza jinsi mwili wa binadamu unavyofuata mahali anapoishi. Anasema watu wa nchi za joto kali mara nyingi huwa wembamba, wenye mikono na miguu mirefu, ili joto liwatoke upesi. Na watu wa barafu huwa wanene na wafupi ili joto lisiwatoke. Walioishi vizazi vingi juu ya milima mirefu sana, ambako hewa ni hafifu, wengine wana vifua vipana. Na ngozi nyeusi ni ngao ya jua. Mjomba, ni elimu nzuri sana. Nikimsikiliza naona kama ninasoma kitabu cha Muumba mwenyewe.

Kuhusu sisi, anasema wanawake wa uwanda wetu ni ajabu. Wanashuka bondeni na kupanda na debe la maji kichwani, na baada ya kupanda mioyo yao hutulia upesi kuliko ya askari. Shingo zao ni fupi na imara. Ameandika kwamba miili yao imekwisha kulingana na kazi ile.

Taarifa yake itasomwa mbele ya Kamati ya Maji mwezi Agosti. Kamati ndiyo itakayopanga ni vijiji vipi vya ujamaa vitakavyopata tawi la bomba kwanza, na vipi vitakavyoweza kungoja.

Mama yu hali gani? Hukueleza kwa kirefu.

Wako mtiifu,
Vitalis


Mnyambe, Newala
25 Aprili 1971

Asifiwe Mungu, anayejua idadi ya nywele zetu bila kuhitaji karani.

Mpwa wangu Vitalis,

Marahaba. Hapa hatujambo. Pasaka tuliisherehekea kwa amani. Justin alipata homa, imekwisha. Mama yako hajambo. Mikorosho haijambo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya nne nimemsomea Padre. Usidhani naikataa elimu hiyo. Nilipokuwa kijana misioni palikuwa na Bruda mmoja mwashi, mtu mwema, ambaye kila kiangazi pua yake ilichubuka kama kiazi kilichochemshwa. Alipaka mafuta, akavaa kofia mbili, bado ilichubuka. Sisi tulichanganya udongo kifua wazi kando yake wala jua halikutufanya kitu. Nilimwambia, "Bruda, Mungu alikupa koti la kwenu." Akacheka, akasema, "Nawe usije kwetu wakati wa baridi, utakufa siku ya pili." Basi hilo nalisadiki. Koti la Mungu hushonwa pole pole, kizazi baada ya kizazi, na anayelivaa halimbani.

Lakini mwanangu, kuna koti, na kuna mzigo. Mtu akibeba mzigo miaka arobaini, mgeni akimwona kwa mbali atadhani ni nundu aliyozaliwa nayo.

Na tena unaniandikia, kwa mwandiko mzuri, kwamba kwa sababu shingo za mama zenu ni imara, vijiji vyao vitaweza kungoja. Neno "kungoja" umeliweka mwishoni kabisa, kama mtu afichaye jiwe chini ya mchele. Nimeliuma.

Kwa hiyo Jumatatu nilichukua debe nikafuatana na wanawake bondeni. Ndiyo, mimi, katika mwaka wangu wa sitini na tatu. Tuliondoka kulipokucha. Jirani yetu Somoe, unamjua ulimi wake, alipiga kigelegele akasema, "Jamani, leo tumepata bi harusi mwenye mvi!" Kushuka nilishuka. Tulingoja zamu yetu chemchemini hadi kikombe kikajaza debe. Kupanda ndiko kulikonionyesha dunia. Kichwani debe lilikataa kukaa. Nikaweka begani, likanimwagikia hadi kiunoni. Somoe, ambaye njiani nilimsimulia barua yako, akaniambia, "Mjomba Katekista, vipi? Shingo yako haijaumbwa?" Nikasema, "Nami ni wa uwanda huu huu, mama, tena nimezaliwa hapa hapa." Akasema, "Basi labda bonde linawajua wanawake tu."

Nilifika saa nne, debe likiwa limebaki robo. Wao walikuwa wamefika saa tatu, wamekwisha kupika.

Lifikirie neno la Somoe. Kama ni hewa na mteremko vinavyoumba mwili, mbona viliwaumba dada zangu vikaniruka mimi, tuliolelewa jiko moja?

Na lifikirie hili pia. Mwana wa Bibiana ana miaka minne. Akisikia ndege angani hatazami juu kama watoto wengine. Analala kifudifudi, kimya, na kuziba masikio. Anafanya vizuri sana, haraka kuliko askari wako. Je, tumwandikie Mreno kwamba mtoto huyu mwili wake umekwisha kulingana na mabomu?

Nataka kuona maswali mliyowauliza wanawake, na majibu yaliyoandikwa. Niletee.

Mungu akupe macho.

Nikolao


Lisekese, Masasi
30 Mei 1971

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Yuliana anatarajia mtoto. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Uliyoyataka nimeyanakili; tafadhali usiyaonyeshe mtu. Waliopimwa kwenu ni wanawake sitini na watatu. Swali la tisa lilikuwa, "Je, kubeba maji kunakuumiza?" Waliojibu "hapana" ni sitini na mmoja. Wawili walikataa kujibu.

Neno walilolitamka wengi, kwa kweli, lilikuwa "tumezoea". Lakini karatasi ilikuwa na nafasi ya ndiyo na hapana peke yake. Tukaandika hapana.

Daktari anatarajia kunipendekeza kwa masomo ya juu. Sitaweza kuja kabla ya Agosti.

Vitalis


Mnyambe, Newala
20 Juni 1971

Mungu wa kweli, asiyedanganywa na adabu zetu, na awe shahidi wa barua hii.

Vitalis,

Nimefurahi kwa habari za Yuliana. Mungu amfungue salama.

Sasa sikiliza, maana nimekuwa mwalimu wa dini miaka thelathini na miwili na sikuwahi kuona makosa ya tafsiri kama haya, nikiwamo mimi mwenyewe mwenye kuyatenda.

Mtu wa kwetu akiulizwa "Hujambo?" husema "Sijambo," hata kama amelala chini na mguu umevunjika. Kwanza husema sijambo, kisha hukaribishwa kiti, kisha hupewa maji, ndipo husema, "Lakini mguu." Ninyi hamkuwapa kiti. Hamkungoja "lakini". Na mwanamke akisema "tumezoea", hasemi kwamba haiumi. Anasema: inauma, nami nimekwisha kuacha kutaraji kwamba utauliza mara ya pili. Wewe umenyonya kwa mwanamke wa Mnyambe. Ulilijua neno hilo kabla hujajua a, be, che. Daktari anaweza kusamehewa. Wewe, sijui.

Unamkumbuka yule mama Msamaria aliyemkuta Bwana kisimani? Alipoahidiwa maji ya uzima, jambo la kwanza aliloomba ni asirudi tena pale kuteka. Bwana hakumwambia, "Mama, shingo yako ni imara." Nimelihubiri fungu hilo Kwaresima thelathini, nikawaambia watu habari za roho, na wanawake waliokaa mbele yangu walikuwa wametoka bondeni asubuhi ile. Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita nilimwita shangazi—la, nimekosea kwa hasira—nilimwita mama yako mdogo Claudia kutoka Chiwata. Unajua yeye na mama yako ni pacha. Tumbo moja, siku moja, titi la kulia na la kushoto. Claudia aliolewa Chiwata ambako kijito kinapita nyuma ya nyumba. Mama yako aliolewa hapa. Niliazima futi ya Filemoni fundi cherehani, nikawasimamisha wote wawili mlangoni na kuwatia alama kwa mkaa. Wakacheka kama wasichana. Mama yako akasema, "Kaka, unatushonea sanda?" Claudia akamwambia, "Yako itachukua kitambaa kidogo." Kisha wakaacha kucheka, maana wote wawili waliuona mkaa. Walipoolewa walikuwa kimo kimoja. Mimi ndimi niliyewapeleka kanisani, vitambaa vya vichwa vyao vilikuwa usawa mmoja. Leo Claudia amemzidi dada yake kwa inchi mbili na nusu. Kisogoni mwa mama yako pana sugu kubwa kama mbegu ya embe, na hawezi kugeuza uso kushoto bila kugeuza kifua.

Hiyo ndiyo shingo fupi na imara ya Daktari wako. Nayo ni chale tu, Vitalis. Fundi wake ni debe.

Sasa nitasema nililolificha. Mara mbili nimekuandikia kwamba mama yako hajambo. Nilidanganya kwa adabu. Wiki moja kabla ya ninyi kuja kupima, aliteleza katika mteremko akaangukia mkono wa kulia. Mpaka leo vidole havifungi ngumi. Alinikataza kukuandikia, akasema utashindwa kufanya kazi. Siku ya kupimwa nilimwambia abaki nyumbani. Akasema, "Mwanangu ndiye anayeandika. Nitakwenda aone kwamba na mimi nimekuja." Kile kipande cha karatasi chenye namba yake bado amekifunga kwenye pindo la kanga. Ni namba arobaini na moja.

Nani aliandika jibu la namba arobaini na moja?

Sikubariki leo. Nitakubariki ukijibu.

Nikolao


Lisekese, Masasi
11 Julai 1971

Mjomba,

Shikamoo. Sitasema kwamba sijambo.

Ni mimi.

Wanawake walipimwa nyuma ya jamvi na Bibi Ethel, muuguzi aliyetoka bara. Mimi nilikaa nimewapa mgongo, kama ilivyo heshima, kwa sababu wengi wao ni mama zangu. Bibi Ethel aliuliza, nami niliandika nilichokisikia. Walipomwita arobaini na moja nilimsikia akisema, "Sijambo, mwanangu," na nikajua. Bibi Ethel akauliza, "Na huu mkono, mama?" Kisha Mama akasema, "Tumezoea." Alisema kwa sauti kubwa kidogo, Mjomba, kama mtu anayetaka kusikika upande wa pili wa jamvi.

Karatasi haikuwa na nafasi ya mkono. Niliandika hapana. Nilipanda gari upesi kwa sababu sikutaka kuuona mkono ule, halafu nikakuuliza wewe kwa barua Mama yu hali gani, kana kwamba sikusikia.

Barua yako nilimsomea Daktari, yote, pamoja na habari ya mkaa na sugu. Nilitegemea anifukuze. Kisha akasema, "Nimepima mioyo sitini na mitatu, wala sikupima hata mwanamke mmoja ambaye hakubeba maji. Nilikuwa na nini cha kulinganisha?" Akaniuliza kama hao pacha watakubali kusimama mbele ya Kamati. Nikamwambia sina haki ya kuwajibia, akuombe wewe uwaulize.

Kwa ombi lake, Kamati itakuja Mnyambe Jumapili tarehe nane Agosti baada ya Misa. Swali la tisa litaulizwa upya. Nimeomba nisiwe mwandishi. Habari za masomo hatukuzizungumza tena.

Mwanao asiyestahili,
Vitalis


Mnyambe, Newala
15 Agosti 1971, Sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni

Atukuzwe Mungu, aliyemwinua mwanamke maskini akamvika utukufu na kumketisha juu.

Mpwa wangu Vitalis,

Marahaba. Umejibu, nami nakurudishia baraka niliyokunyima. Habari za nyumbani nitazisema mwisho, kwa kuwa leo nimechoka kuanza na zile zisizo za kweli.

Kamati ilikuja, watu watano na Daktari. Meza iliwekwa mbele ya shule, na wanawake wakaja wote, kila mmoja na debe lake tupu. Mimi sikuwaagiza, madebe yalikuwa wazo la Somoe. Mwenyekiti alisimama akainua mkono akasema, "Hamjambo, akina mama?"

Hakuna aliyejibu. Unajua maana ya salamu kukosa jibu katika nchi yetu. Mwenyekiti akarudia, "Nasema, hamjambo?"

Ndipo mama yako akasimama. Alikuwa amevaa ile kanga ya Noeli. Akasema, "Tuna jambo."

Neno hilo tu, na wanawake wote wakalirudia, "Tuna jambo," wakaweka madebe chini kwa pamoja. Mlio wake, Vitalis! Mtoto wa Bibiana alijitupa kifudifudi, mama yake akamwinua akamwambia, "Si mabomu, baba, ni sisi."

Mwenyekiti akakasirika. "Nani amewafundisha maneno haya?" Akanitazama mimi. Lakini mama yako hakumpa nafasi. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, tulichofundishwa ni kuzoea. Neno hili tulizaliwa nalo." Kisha yeye na Claudia wakasimama bega kwa bega mbele ya meza, na Daktari akawapima mwenyewe, hadharani, huku akitaja kila kipimo kwa sauti. Bibi Ethel aliufunua mkono wa mama yako, akauliza swali la tisa. Mama yako akasema, "Ndiyo." Wanawake sitini na watatu wakapita, wakasema ndiyo. Somoe peke yake akasema, "Ndiyo, na andika pia kwamba nimekasirika." Daktari akaandika pembeni ya karatasi, nami nilichungulia nikaona kwamba ameandika kweli. Taarifa ya kwanza aliifuta kwa mstari mbele ya watu wote.

Mwenyekiti alituambia tuanze kuhamia kijiji kipya cha ujamaa kule ukingoni mwa uwanda mara baada ya mavuno ya korosho. Wanawake wakasema, "Maji yatangulie, nasi tutafuata." Akauliza, "Mnaipinga Serikali?" Nikaona sasa ni zamu yangu. Nikasimama, nikasema, "Bwana Mwenyekiti, hatupingi. Tunangoja. Karatasi yako ilisema tunaweza kungoja." Hakucheka. Lakini wajumbe wawili walitazama chini, na mmoja wao akaandika jina la Mnyambe mahali ambapo halikuwapo. Bomba sijaliona bado, kwa hiyo sitaliandika kana kwamba lipo. Kwenda bondeni wanakwenda. Watoto wanataka uji. Lakini sasa kila jioni wanapanga barua yenye swali lile lile, maji yatatangulia lini, na kila Ijumaa barua moja inapelekwa Newala. Mwandishi ni mimi. Nimezipa namba.

Habari za nyumbani ni hizi. Justin ni mzima. Bertila haanguki tena. Mama yako ana maumivu ya mkono na ya shingo, usiku na mchana, na mwezi ujao Padre atampeleka kwa waganga wa hospitali ya Ndanda. Mkono huenda usirudi. Nimeyaandika haya kwa idhini yake. Amekaa hapa ananitazama kalamu.

Nimemuuliza, "Nimwambie nini mwanao?" Akasema, "Mwambie kuku mwingine yupo. Aje. Asimame mbele yangu, asinipe mgongo, aniulize kama sijambo, kisha anyamaze angoje."

Mungu, aliyetupa ngozi ya kuvumilia jua lake, asituache tuzoee jambo ambalo hakulituma. Ambariki Yuliana na mtoto aliye tumboni. Ajalie chumba chenu kisikose maji wala ukweli, na yeyote atakayeingia mlangoni mwenu mwenye jambo, apewe kiti, apewe maji, na angojewe mpaka alimalize.

Mimi mjomba wako,
Nikolao